Sura kwenye shaba: maswali yenu

Tangu tulipochapa picha ya bwana mmoja wa Ulaya wa karne ya 17, aliyevaa wigi, maswali hayajakoma. Haya ni baadhi.

Ile picha ilichorwa kwa kalamu?

Hapana, ilichongwa. Fundi wa zama za Baroki, mtindo wa sanaa uliotawala Ulaya karne hiyo, alichimba mistari kwenye bamba la shaba nyekundu kwa burini, kijichuma chenye ncha kali kinachosukumwa kwa kiganja. Akitaka mstari upinde, mkono wa pili huzungusha bamba. Kisha bamba hupakwa wino na kufutwa, wino ukabaki mferejini tu. Karatasi yenye unyevu hulazwa juu, vyote vikapitishwa kati ya rola mbili zinazobana.

Joho jeusi, shavu jeupe: yote ni mistari. Mwaka 1649 Mfaransa Claude Mellan alichonga uso wa Yesu kwa mstari mmoja tu, unaoanzia ncha ya pua na kuzunguka hadi nje. Penye kivuli aliunenepesha. Mimi kila nikiutazama natafuta alipokosea.

Nachonga mihuri. Na wao walichonga kinyume?

Ndiyo, hata maandishi, kwa kuwa karatasini picha hutoka imegeuzwa, kushoto kuwa kulia. Aliyesahau, shujaa wake alishika upanga kwa mkono wa kushoto.

Kwa nini mtu tajiri asichorwe kwa rangi tu?

Alichorwa pia. Lakini mchoro wa rangi ni mmoja na hukaa ukutani kwake. Bamba hutoa mamia ya nakala, za kugawia marafiki, za kuweka mbele ya kitabu. Mchongaji Robert Nanteuil, wa mji wa Reims, Ufaransa, alichonga sura zaidi ya 200, za mfalme wake Louis XIV, mawaziri, maaskofu na mahakimu. Hata mwanafunzi aliyekwenda kutetea tasnifu yake aliweza kuipamba karatasi ya tangazo kwa sura ya mkubwa aliyemtegemea. Kujipendekeza? Bila shaka, ila kwa kazi safi. Mwaka 1660 mfalme huyo aliamuru uchongaji uhesabiwe sanaa huru, usiofungwa na masharti ya vyama vya mafundi.

Na mkubwa akianguka, bamba linatupwa?

Shaba ilikuwa mali! Sehemu ilikwanguliwa, bamba likagongwa kwa nyuma lilingane, kikachongwa kichwa kingine. Mchongaji Pierre Lombart alikuwa na bamba la mpanda farasi, kwa kufuata mchoro wa rangi wa msanii van Dyck. Kwa nyakati tofauti mwili uleule ulibebeshwa kichwa cha Cromwell, mtawala wa Uingereza asiye mfalme, cha Louis XIV na cha Charles I, mfalme wa Uingereza ambaye Cromwell alitia saini hati ya kumuua. Zipo hata nakala ambazo mpanda farasi hana kichwa kabisa, na bado ameketi wima.