Jibu: Gramafoni ya Marekani inaburuza nyimbo
Mkuu wa Moshi, umesema transfoma ya 110V umefunga, mkanda mpya, bado nyimbo zinaburuza. Transfoma haina kosa. Inashusha volti, hezi (idadi ya mawimbi ya umeme kwa sekunde) haizigusi. Mota ya AC ya aina hiyo hufuata hezi: ilitengenezewa 60 za Marekani, Tanesco inaleta 50, hivyo sahani inazunguka kama mara 28 kwa dakika badala ya 33⅓.

Mpelekee fundi wa kukereza vyuma puli ya mota (kigurudumu kinachovuta mkanda) akuchongee nyingine, kipenyo mara 1.2: ya milimita 10 iwe 12. Tundu likae katikati kabisa. Likienda upande kidogo tu, sauti inayumba.

Vidoti vya kupimia kasi pembeni mwa sahani usiviamini, kama ni vya hezi 60 tu vitakudanganya. Bandika kikaratasi kwenye sahani, hesabu: iwe mizunguko 100 kwa dakika 3.