Maswali ya Wasomaji: Siku ya Kwanza Thelujini

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nakaa Chumbageni, Tanga, na umri wangu umepita miaka 40. Mwezi wa Februari, inshallah, nitakwenda Ujerumani kumtembelea mdogo wangu aliyeolewa Munich, naye na mumewe wamekwisha panga tuende siku moja Garmisch-Partenkirchen tukateleze kwenye theluji. Baridi kali niliyowahi kuijua ni ya Lushoto mwezi wa Julai. Ninavaa hijabu, sijawahi kucheza mchezo wowote wa kuteleza, na shemeji anasema tutapanda moja kwa moja hadi juu ili nione mandhari. Je, mtu kama mimi ataweza, na nijitayarishe vipi?
Msomaji, Chumbageni, Tanga

JIBU: Waalaykum salaam, dada yangu. Utaweza, na ningependa sana uende. Lakini katika barua yako lipo jambo linalonitia wasiwasi kuliko umri na baridi, nalo ni hiyo ahadi ya shemeji ya kukupandisha juu. Mandhari huweza kutazamwa na mtu aliyevaa viatu vya kawaida: treni ya mlimani na magari ya waya yanayofika Zugspitze, mlima mrefu kuliko yote Ujerumani wenye mita 2,962, huchukua pia wageni wasioteleza. Asiyejua kusimamisha mwendo wake hapaswi kufungwa skii, yaani zile mbao mbili ndefu na nyembamba za kutelezea, miguuni akiwa juu ya mteremko mkali, kwa kuwa akishafika hapo njia ya kushuka iliyo mbele yake ni ile ile asiyoiweza. Mwambie shemeji, kwa heshima lakini bila kumung'unya maneno, kwamba asubuhi yako yote ni ya uwanja wa wanaoanza, ulio chini ya mlima Hausberg, na kwamba unataka mwalimu wa kulipwa. Wewe mwenyewe ni mwalimu, na unafahamu kwamba kulijua jambo si sawa na kujua kulifundisha. Mdogo wako na mumewe wakuache na mwalimu, kisha mkutane wakati wa chakula.

Somo la kwanza litakuwa la kusimamisha mwendo, na ninakusihi usiharakishe kulivuka. Utafundishwa kuzisogeza ncha za mbele za skii zikaribiane bila kugusana, huku ukizitanua nyuma na kuukandamiza ukingo wa ndani wa kila moja. Kadiri unavyotanua ndivyo mwendo unavyopungua, hadi unasimama kabisa. Kinachowashinda wengi ni hofu, kwa sababu mtu akiogopa huegemea nyuma, kama ashukavyo njia ya udongo kule Usambara siku ya mvua. Thelujini kuegemea nyuma ndiko kunakoleta balaa, maana uzito ukienda kwenye visigino, sehemu ya mbele ya skii huwa nyepesi, haishiki theluji tena, nazo skii hukimbia zinakotaka. Kunja magoti kidogo na uhisi miundi yako ikilalia ulimi wa buti. Ukiona mwendo umekushinda, jilaze ubavuni kwa hiari yako kabla hujaangushwa.

Dukani wanakokodisha vifaa utaulizwa uzito, urefu, umri na kiwango chako cha ujuzi, na hapo tafadhali usione haya wala usipunguze kilo hata moja. Kutokana na majibu hayo fundi hukaza vifungo vinavyoshika buti kwenye skii, ambavyo vimetengenezwa viachie unapoanguka vibaya. Vikilegea mno vitaachia ukiwa katikati ya mwendo. Vikikazwa mno havitaachia, na goti ndilo litakalopinda badala yake. Buti nazo ziwe za kubana: ukisimama wima vidole viguse mbele kidogo tu, na ukikunja magoti vijivute nyuma. Vaa jozi moja ya soksi ndefu, kwani soksi mbili hubana damu na kuifanya miguu ipoe zaidi.

Kuhusu baridi, mji wa Garmisch uko karibu mita 700 tu juu ya usawa wa bahari, takriban nusu ya kimo cha Lushoto, hivyo pale mjini pumzi haitakusumbua. Baridi yake haitokani na kimo peke yake bali zaidi na kuwa mbali na ikweta, ambako jua la Februari hupita chini na siku ni fupi. Adui yako atakuwa jasho. Nguo za pamba, na hapo ninahesabu fulana, jinzi na kanga ya ndani, hunyonya jasho zikakaa na unyevu mwilini. Vaa nguo ya ndani ya sufu au ya nyuzi zisizonyonya maji, juu yake sweta, kisha koti na suruali visivyopitisha maji, ambavyo kwa bahati njema ni vipana na vinasitiri vizuri. Hijabu iwe ya kuvuta, nyembamba, isiyo na pini, ikae chini ya kofia ngumu, na pasiwe na ncha yoyote inayoning'inia, kwa sababu mtandio unaweza kunaswa na kiti cha lifti, yaani viti vya waya vinavyowapandisha watu mlimani. Wala usidhani rangi yetu inatosha kutukinga na jua la huko: theluji mpya huweza kurudisha hadi asilimia 80 ya miale inayounguza, na macho yasiyo na miwani huweza kuungua na kuwasha kana kwamba yameingia mchanga.

Lifti nyingi hufungwa mnamo saa 10 alasiri, na jua huzama mnamo saa 11 na nusu, kwa hiyo adhuhuri na alasiri zote zitakukuta mlimani. Kuvua na kuvaa buti zile kwa ajili ya udhu ni kazi. Muulize shehe wako kabla ya safari kuhusu sala ya msafiri. Kwenye migahawa uliza supu imepikwa na nyama gani.

Njia zina rangi: buluu ni rahisi, nyekundu ni ya kati, nyeusi ni ya mabingwa. Aliye mbele yako ndiye mwenye haki ya njia, nawe unayetoka nyuma ndiwe wa kumkwepa. Ukitaka kupumzika sogea pembeni, na usitoke kamwe nje ya njia zilizowekwa alama, kwa kuwa huko nje ndiko kwenye hatari kubwa ya maporomoko ya theluji.

SWALI: Je, theluji ya namna hii ipo Afrika? Na kwa kijana anayeanza, bora skii mbili au ubao mmoja?
Msomaji, Bagamoyo

JIBU: Ipo. Lesotho kuna kituo cha kutelezea cha Afriski, katika milima ya Maluti, zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, na msimu wake ni Juni hadi Agosti. Morocco kuna Oukaïmeden katika milima ya Atlas, ambako theluji huja katika miezi ya baridi ya kaskazini. Wala usidhani mchezo huu si wa watu wa kwetu, kwani Mkenya Philip Boit alishindana katika Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norwei alimsubiri kwenye mstari wa mwisho ili ampongeze.

Kama una siku moja tu, ninakushauri skii, kwa sababu siku ya kwanza ya ubao huishia kwa wengi katika kuanguka, miguu yote miwili ikiwa imefungwa pamoja. Ukichagua ubao hata hivyo, kodisha vikinga viganja na ujizoeze kuangukia sehemu ya mkono iliyo kati ya kiwiko na kiganja huku umekunja ngumi, kwani anayejizuia kwa kiganja kilichonyooshwa ndiye anayevunjika kifundo cha mkono.