Muulize Mwalimu: Nataka kufundisha viziwi, nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mwenye cheti cha daraja A, nafundisha darasa la pili huku Igombe, Mwanza. Mwaka huu nimepokea watoto wawili viziwi. Mmoja hasikii kabisa, mwingine husikia kidogo ukimsemesha karibu na sikio la kulia. Darasa lina watoto zaidi ya 90. Wazazi wao hawataki kuwapeleka bweni mbali, wanasema bado wadogo. Kwa hiyo nawapa daftari, wananakili ubaoni, basi. Roho inaniuma. Nataka kusomea kazi hii rasmi. Niende chuo cha ualimu au chuo kikuu? Lazima nijue lugha ya alama kwanza? Halafu wenzangu ofisini wananiambia nikishasomea viziwi sitoki huko mpaka nistaafu. Ni kweli?
Mwalimu wa Igombe

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo la wenzako kwa kuwa ni jepesi. Ukishahitimu elimu maalumu, mwajiri atakupanga kwenye uhitaji: shule ya viziwi, au kitengo cha viziwi ndani ya shule ya kawaida. Ndivyo inavyotakiwa, la sivyo ulisomea nini? Uhamisho unaombwa kama wa mwalimu mwingine yeyote. Na hao wanaokwambia hutatoka, waulize wao wametoka lini kwenye vituo vyao.

Kuhusu masomo, kwa cheti chako njia ya kawaida ni stashahada kwanza. Chuo kinachojulikana kwa kazi hii ni Chuo cha Ualimu Patandi, pale Tengeru, mkoani Arusha. Huko mtu huchagua eneo lake la kubobea: uziwi, kutoona, au ulemavu wa akili. Shahada itafuata baadaye, na Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu Huria wanazo programu za elimu maalumu. Huria inawavutia wengi kwa sababu unasoma huku uko kazini. Sina ugomvi nayo, ila lugha ya alama haisomwi kwenye kitabu usiku watoto wako wakishalala. Inataka watu mbele yako.

Barua ya kuomba ruhusa ya masomo ipitie kwa mwalimu mkuu na afisa elimu kata hadi kwa mkurugenzi wa manispaa. Iandike mapema, kwa kuwa halmashauri hupanga mafunzo ya watumishi wake kabla. Kaonane pia na afisa anayeshughulikia elimu maalumu pale Ilemela, ajue kuna wewe na kuna hao watoto wawili. Usipande basi stendi ya Nyegezi kabla hujashika jibu la maandishi. Mtumishi akiondoka kituoni bila ruhusa, hata kama amekwenda kusoma, hesabu yake ni utoro.

Sasa tuje kwenye alama, maana hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Chuo hakitakukatalia mlangoni kwa kutozijua. Lakini nimefanya kazi na walimu wenye vyeti vizuri ambao mtoto kiziwi akiwaeleza kwamba tumbo linamuuma, wanaita mwanafunzi mwingine awatafsirie. Mwalimu wa namna hiyo anafundisha nini?

Anza sasa hivi. Uliza CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, wakuelekeze kwa viziwi wenzao hapa Mwanza. Wapo mafundi cherehani, wapo wachuuzi Kirumba, na wapo wanaokutana Jumapili kwenye ibada zenye mkalimani. Kaa nao. Utakosea, watakucheka, watakurekebisha, na wakikuzoea watakupa alama ya jina lako. Usijipe mwenyewe, tafadhali. Kamusi ya Lugha ya Alama ya Tanzania ipo na inasaidia, lakini picha haikuonyeshi uso, na nyusi zikipanda au kushuka sentensi inageuka kuwa swali.

Nasisitiza hili kwa sababu ya watoto wa mwambao wa ziwa. Mtoto kiziwi wa mvuvi mara nyingi anafika shuleni na alama za nyumbani tu: ya mama, ya kula, ya dagaa, ya kwenda ziwani, labda na ya fimbo. Nyumbani wanazungumza Kisukuma au Kikerewe au Kijita, shuleni Kiswahili, na yeye hana hata moja kati ya hizo. Ana miaka minane na hajawahi kusimuliwa hadithi. Hajui kwamba kesho ina jina. Mtoto huyo hawezi kuanza na a-e-i-o-u. Kwanza apate lugha, na lugha anayoweza kuipata bila kizuizi ni ile inayoonekana.

Wako watakaokwambia mfundishe asome midomo, inatosha. Simama mbele ya kioo, funga sauti, sema baba, mama, papa. Umeona? Mdomo ni ule ule. Mwaka 1880 walimu walikutana Milan, Italia, wakaamua watoto viziwi wafundishwe kwa kusema na si kwa ishara. Uamuzi ule ulienea shule nyingi duniani, na ni mwaka 2010, kwenye kongamano la Vancouver, ndipo wazito wa fani hii walipoukataa rasmi. Miaka 130! Hesabu mwenyewe ni vizazi vingapi vya watoto.

Jambo jingine litakalokupa shida ni uandishi. Lugha ya alama ina mpangilio wake, si Kiswahili kilichotiwa mikononi. Kwa hiyo mwanafunzi mwenye akili timamu kabisa anaweza kuandika “Jana soko mama samaki nunua.” Ukimpiga sifuri kwa kalamu nyekundu, umemwadhibu kwa kujua lugha yake. Kiswahili cha kuandika kwake ni lugha ya pili: mwonyeshe sentensi yake, mwonyeshe ya Kiswahili, mwonyeshe ile “a-li-” inatoka wapi. Inachosha, lakini ndiyo kazi unayoiomba.

Huyo wa sikio la kulia ana mahitaji yake tofauti. Mpeleke, au mwambie mzazi ampeleke, kliniki ya masikio, pua na koo pale hospitali ya Bugando. Wakati mwingine ni nta au usaha wa muda mrefu, na hayo yanatibika. Akipewa shimesikio, yaani kifaa cha kumsaidia kusikia, ujue si kama miwani. Kinakuza sauti zote, na kelele za watoto 90 nazo zinakua. Kile kipande cha ndani ya sikio hubadilishwa mtoto anapokua, kikilegea kinapiga filimbi. Unyevu na jasho ni adui zake, kwa hiyo akienda kuogelea ziwani akivue. Usimpigie kelele, kelele hupindisha mdomo. Mvua ikipiga bati, acha kusema, andika.

Na kesho asubuhi, kabla ya Patandi: waweke wote wawili mbele, wa pili sikio lake zuri likuelekee. Usisimame dirisha likiwa nyuma yako, uso wako unakuwa kivuli. Ukigeukia ubao, nyamaza. Kisha wafundishe darasa zima herufi za vidole. Wale wengine watazishika kabla yako, nakuhakikishia.

SWALI: Habari Mwalimu. Ni kijana wa Nansio, nimemaliza kidato cha sita na nimefaulu. Nilipata uziwi utotoni kwa homa ya uti wa mgongo, sasa sisikii. Nataka ualimu. Mjomba anasema kiziwi hawezi kusimama darasani. Nikubali?
Kijana wa Ukerewe

JIBU: Usikubali. Walimu viziwi wapo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, kwenye ibara ya 24 unazitaka nchi ziajiri walimu wanaojua lugha ya alama, wakiwemo walimu wenye ulemavu. Tunayo pia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Mjomba msalimie, umwonyeshe.

Kwenye fomu usifiche uziwi wako. Taja pale panapouliza, na ukichaguliwa andikia chuo mapema kuomba mkalimani. Usingoje siku ya kuripoti. Soma tangazo la mwaka huu la Wizara ya Elimu, kwa sababu sifa za kujiunga hubadilika na maneno ya mtaani hayaendi nazo. Cheti cha hospitali kinachoeleza kiwango cha usikivu wako kitafute sasa, usije ukavuka na kivuko siku ya mwisho ya maombi ukakuta foleni.