Jibu: Nani walianzisha spika ndefu zinazoning'inia jukwaani?

Ndugu, umeuliza kama mtindo wa kutundika spika kwa safu wima, unaouona kwenye matamasha makubwa, ulibuniwa na kampuni kubwa ya Marekani. Safu zenyewe ni za zamani, ila mfumo ulioufanya mtindo huu uenee ulitoka Ufaransa, kwa L-Acoustics, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1984 na Christian Heil, mtu aliyesomea fizikia ya chembe.

Wakati huo mafundi walikuwa wakirundika spika pande mbili za jukwaa, na mawimbi yake yakagongana, hata msikilizaji akisogea hatua chache sauti hubadilika. Heil na mwenzake Marcel Urban walitafuta namna ya kuzifanya spika nyingi zifanye kazi kama chanzo kimoja kirefu. Ugumu ulikuwa kwenye sauti za juu, ambazo mawimbi yake ni mafupi mno. Ndani ya mfereji wa spika wakaweka kizuizi chenye umbo la pia, kinachoilazimisha sauti ipite njia zenye urefu sawa, ili itoke kwenye upenyo mwembamba kwa wakati mmoja. Huo, kwa maoni yangu, ndio uvumbuzi wenyewe; kutundika ni kazi ya minyororo tu.

Mfumo wao wenye kizuizi hicho, ulioitwa V-DOSC, ulitoka mwaka 1992. Katika masafa ambamo safu hiyo inafanya kazi ipasavyo, umbali ukiongezeka maradufu sauti hupungua desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 badala ya 6, na ndiyo maana wa nyuma husikia vizuri bila wa mbele kuzibwa masikio.