Oili nzito haitakuongezea kasi

Ndugu, nimekuelewa: gari lako la michezo lina tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), kitabu cha gari kinataka oili ya 5W-30, na rafiki anakusukuma uweke 10W-60 kwa kuwa "magari ya mbio hutumia hiyo". Usikimbilie.

Namba ya kabla ya W inaonyesha oili inavyotiririka injini ikiwa baridi. Ya mwisho ni uzito wake ikishapata moto, nyuzi 100 za Selsiasi. Ukiweka nzito kuliko inavyotakiwa, injini inapoteza nguvu kuisukuma tu, na asubuhi oili inachelewa kufika kwenye beringi za tabo. Mimi niliwahi kujaribu kwenye gari langu: likawa zito kuchanganya, nikaimwaga kabla ya wiki mbili. Rafiki yako hajakosea kabisa, maana BMW M3 ya toleo la E46 kiwanda chenyewe kiliipangia 10W-60. Lakini oili hiyo ilipangiwa injini ile, si yako.

Baki na 5W-30 ya sintetiki kamili yenye viwango vilivyoandikwa kitabuni. Ukienda uwanja wa mbio mara kwa mara, angalia kama kitabu kinaruhusu 5W-40, na badilisha oili mapema kuliko kawaida. Pima kiwango cha oili kwa kijiti chake ukiwa umeegesha tambarare. Oili pungufu huua injini haraka kuliko oili ya chapa rahisi.

Taa nyekundu ya oili ikiwaka, au ukisikia injini inagonga, zima hapo hapo na uite fundi. Usijikongoje nayo hadi gereji.