Kunyonga baiskeli mpaka Kisarawe kupitia msitu wa Pugu: kwa nyie mnaoanza

Kila mgeni anayetaka kujaribu njia ya Pugu anauliza kwanza mlima ukoje. Mlima upo, sikatai, ila milima ya Pugu haifiki hata mita 400 juu ya bahari na Kisarawe mjini kwenyewe ni kama mita 300 hivi, kwa hiyo ukiwa na gia nyepesi na roho ya uvumilivu utafika tu. Vinavyowatesa wageni kwenye hii njia ni saa waliyotoka nyumbani na namna wanavyoshuka. Hayo ndo nataka tuyaongee leo, mengine nitayapitia juu juu.

Saa kwanza. Watu wanaona picha za lami imepita katikati ya miti, hakuna gari, kivuli kila mahali, wanadhani ndo hali ya siku nzima. Hapana jamani, huo utulivu ni wa alfajiri. Kutoka Posta, katikati ya jiji la Dar es Salaam, mpaka Gongo la Mboto ni karibu kilomita 20 za Barabara ya Nyerere, unapita Tazara, unapita Airport, Banana, Ukonga, na hizo ukizinyonga saa mbili asubuhi utakula moshi wa malori na kona za daladala mpaka ukifika msituni huna hamu tena. Ondoka saa kumi na moja alfajiri. Saa kumi na mbili na kitu uko Gongo la Mboto, kunakucha, na kipande kizuri kinaanzia hapo mbele. Jumapili ni bora kuliko Jumamosi kwa sababu malori ya mchanga na kokoto yanapungua, na kama unakaa Tabata au Kinyerezi unaweza kupitia Kifuru utokee Pugu bila kuigusa kabisa Nyerere.

Kwa kuwa unatoka na giza taa sio urembo. Nyekundu nyuma, nyeupe mbele, na nguo inayong'aa. Ile njia ya mwendokasi katikati ya barabara usiiingie hata kama ni tupu na inavutia, imejengwa kwa mabasi na basi likija nyuma yako huna pa kwenda. Kaa kushoto lakini usijibane kwenye ukingo kabisa, acha kama mita moja hivi, maana ukingo una mashimo, vioo na mchanga, na ukijibana sana dereva anaona nafasi ya kupita hata pale ambapo haipo. Ukikutana na reli ya zamani mahali popote ikate moja kwa moja tairi ikiwa imenyooka, ukiikata kimshazari tairi jembamba linaingia kwenye mfereji wa chuma na unaenda chini hapo hapo.

Ukifika Pugu Kajiungeni barabara zinagawanyika, moja inaenda Chanika, nyingine Kisarawe. Chukua ya Kisarawe. Hapo mlima unaanza na hapo ndo nawaona wengi wanakosea gia, yaani mtu kazoea tambarare ya mjini anapanda na gia nzito, anasimama juu ya pedali, anayumba kushoto kulia kama mlevi, dakika tano kaisha. Badilisha gia KABLA mlima haujakubana, mnyororo ukiwa bado umelegea, kwa sababu ukibadilisha huku umekandamiza kwa nguvu zote unaruka au unakatika. Weka nyepesi, kaa kwenye siti, miguu izunguke haraka haraka bila kukandamiza, na pumzi iwe ile ya mtu anayeweza kuongea sentensi nzima. Ukishindwa kuongea umezidisha. Mwenye baiskeli ya gia moja ashuke asukume pale penye ukali, hamna aibu, wazee wa Kisarawe wamesukuma hapo miaka na miaka.

Na kuhusu wazee hao, mtapishana na jamaa wa mkaa. Hawa ndo walimu wa barabara hii, mimi nasema hivyo bila utani. Angalia mmoja kwa makini siku ukipata nafasi: baiskeli nyeusi ya chuma, magunia yamepangwa nyuma mpaka yanampita kichwa, yote yamekazwa kwa vipande vya tyubu iliyochanwa, na kwenye mteremko haamini breki peke yake, mguu mmoja wenye ndala unakaa tayari kukanyagia tairi. Yule hawezi kusimama ghafla. Akija anashuka mwachie njia yote, usimpigie kengele, usijaribu kumpita kwenye kona, na usisimame katikati ya lami kupiga picha ya miti wakati yeye yuko juu anakuja.

Sasa kushuka. Kupanda kunachosha ila hakuumizi, anayeumia anaumia akishuka.

Kabla hujatoka nyumbani kagua breki. Wengi wetu tunatumia baiskeli za mtumba za kutoka Japani, nzuri, fremu imara, ila zile raba za breki zimekaa miaka stoo na zimekuwa ngumu kama jiwe. Chukua kucha ikandamize raba, ikiacha alama raba bado ina uhai, isipoacha alama nenda kwa fundi abadilishe, ni hela ndogo. Vuta breki mpaka mwisho uone kama mkono unagusa hendeli, ukigusa waya umelegea. Na kama rimu zako ni za chuma kile kinachong'aa ujue zikilowa breki inashika kwa kuchelewa sana, kwa hiyo siku ya mvua shuka taratibu mno au ahirisha kabisa.

Ukiwa kwenye mteremko wenyewe usiende umeshikilia breki mwanzo mwisho. Rimu inapata moto, raba inapoteza mshiko, na kwenye mteremko mrefu tyubu inaweza hata kupasuka. Bana, achia, bana, achia, breki zote mbili kwa pamoja, makalio yarudi nyuma kidogo ya siti. Kasi unaipunguza ukiwa bado umenyooka, kabla ya kona, ukishaingia kwenye kona unaachia na pedali ya upande wa nje inakuwa chini. Anayekumbuka breki akiwa katikati ya kona tairi la mbele linamtelezea, na kwenye hii barabara kona nyingi zina mchanga. Mchanga huo unatoka kwenye hivi vilima, mvua ikipiga unashuka unamwagika juu ya lami na mwingine unaenda na maji mpaka mjini, maana Mto Msimbazi huu huu unaofurika Jangwani kila msimu unaanzia huku huku Pugu. Kwa hiyo asubuhi baada ya mvua chukulia kila kona ina mchanga mpaka uone vinginevyo. Machi mpaka Mei mi nashauri wageni wasubiri tu.

Halafu daladala za Kisarawe. Zinasimama popote abiria aliponyoosha mkono. Ukiwa unashuka nyuma ya moja, acha umbali mrefu, na ukiona konda kaning'inia mlangoni anagonga bodi basi jua inasimama sasa hivi.

Kuhusu msitu wenyewe. Hii ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Pugu-Kazimzumbwi, zamani ilikuwa misitu miwili tofauti, inasimamiwa na TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Barabara ya lami ni ya wote, unapita bure, lakini ukitaka kuacha lami uingie njia za ndani unapita getini, unalipa kiingilio, unaandikwa, na chukua mtu wa kukuongoza. Wageni wengi wanaona hilo ni usumbufu, mi naona ni bora hivyo, njia za ndani zinagawanyika ovyo na huwezi kujua ipi inarudi barabarani na ipi inaishia bondeni. Ndani kuna machimbo ya zamani ya kaolini, ule udongo mweupe, na mapango yake yamejaa popo, pia kuna bwawa la Minaki ambalo ni sehemu nzuri ya kupumzika. Kima utawaona. Ambaye hutamwona ni komba wa Rondo, mnyama mdogo sana, ni wa hatarini kutoweka na anaishi kwenye misitu michache tu ya pwani ya Tanzania ukiwemo huu, sasa yeye anatembea usiku wakati wewe umelala Temeke. Njia za ndani ni kichanga na mizizi kwa hiyo tairi nene, na toa upepo kidogo, tairi gumu sana kwenye kichanga linazama na kuyumba. Wenye baiskeli za reisi za tairi nyembamba nyie bakini kwenye lami.

Usiende peke yako, hasa mara za mwanzo. Watatu wanatosha. Simu iwe na chaji, na mtu nyumbani ajue mnapita wapi.

Maji beba chupa mbili, kwa joto la Dar nusu lita mpaka robo tatu kwa saa ndo kiasi cha kawaida, na weka chumvi kidogo au ndizi mfukoni. Kisarawe mjini kuna supu na chapati asubuhi, hapo ndo kituo cha wengi, kaeni mnywe chai ila msikae mpaka saa nne. Wenye nguvu wanaendelea na barabara ya Maneromango, vilima vya kupanda na kushuka, magari machache, lakini mkifuata hiyo hesabuni na kurudi, kila kilomita mnayoenda mbele mtailipa jua likiwa utosini.

Nje ya mada kidogo: Mwalimu Nyerere alikuwa anafundisha Pugu kabla hajaacha ualimu mwaka 1955, na inasimuliwa alikuwa anakuja mjini kwa miguu kwenye shughuli za chama cha TANU. Barabara ya Nyerere zamani iliitwa Pugu Road. Nikimwambia mtu hivyo akiwa analalamika paja linauma huwa ananyamaza kidogo.

Kurudi, watu wanajidanganya kwamba ni mteremko tu mpaka Posta. Mteremko unaishia Pugu, baada ya hapo ni tambarare, joto, na kuanzia Desemba mpaka Februari upepo wa kaskazi unakupiga usoni njia nzima. Kwa hiyo bakisha miguu Kisarawe, usimalize zote kwenye kupanda ili uonekane wa kwanza. Beba tyubu ya akiba, pampu, na vile vijiko vya kutolea tairi, mafundi wa pancha wapo Gongo la Mboto na Pugu ila katikati ya msitu hakuna mtu, na fundi wa pikipiki sio lazima awe na tyubu ya saizi yako. Ukichoka kabisa au rimu imepinda, kuna guta za mizigo Gongo la Mboto, inabeba wewe na baiskeli mpaka mjini, elewaneni bei kabla hujapakia na funga fremu isigongane na chuma, weka kitenge au gunia katikati.