Okidi ya Kitulo kwenye ndoo: mbona haikurudi mwaka wa pili?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Shangazi yangu wa Makete alinipa viazi vitano vya okidi alivyochimba kwenye nyasi nje ya shamba lake. Nilivipanda hapa Mbeya mjini kwenye ndoo yenye samadi, nikamwagilia mwaka mzima. Msimu wa kwanza vilichanua vizuri sana. Sasa mvua zimerudi, lakini sioni hata jani. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba. Maua yale ya kwanza ndiyo yaliyokudanganya. Hayakutokana na samadi yako. Chakula chake kilikuwa kimeshawekwa akibani kwenye kiazi kabla shangazi hajashika jembe.

Ukiing'oa okidi ya ardhini ya jamii ya Disa, Satyrium au Habenaria wakati wa maua, mara nyingi utakuta viazi viwili. Kimoja kimesinyaa, maana ndicho kinacholisha shina la mwaka huu. Cha pili ni kigumu na kimejaa, nacho ni cha mwaka ujao. (Wachimbaji wa chikanda, yaani chakula kinachopikwa kwa viazi vya okidi vilivyosagwa, hutaka hicho kigumu. Kwa hiyo mlo mmoja unaweza kumaliza kundi zima la mimea, na kurudishia kile kilichosinyaa hakusaidii kitu.) Okidi zako zilitumia akiba ya zamani kuchanua, zikashindwa kutengeneza mpya.

Zimeshindwa kwa sababu Kitulo, uwanda wa nyasi huko Makete kwa shangazi yako, si ndoo. Uwanda ule uko kwenye mita 2,600 hivi, na udongo wake umetokana na majivu ya volkano. Mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, kisha huja kiangazi chenye baridi kali, usiku mwingine hadi barafu hutanda kwenye nyasi. Miezi hiyo okidi haina jani wala shina juu ya ardhi, kiazi kimelala. Wewe ulikimwagilia kikiwa usingizini, tena ndani ya samadi. Hapo kuoza ni jambo la kutegemewa.

Halafu kuna kuvu. Mbegu ya okidi ni kama vumbi, haina akiba ya chakula kama punje ya mahindi, hivyo haioti porini bila kuvu fulani wa udongoni kuilisha. Hata mmea mkubwa huendelea kushirikiana nao kupitia mizizi. Samadi nyingi huvuruga ushirikiano huo. Ndiyo maana sishauri mtu ahamishe okidi za nyasini, hata awe na mkono mzuri kiasi gani. Wenyeji huuita uwanda ule Bustani ya Mungu, na tangu 2005 ni hifadhi ya taifa yenye aina zipatazo 45 za okidi za ardhini. Ndani yake kuchimba ni kosa. Nje yake pia, okidi zote zimo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama pori, kwa hiyo usithubutu kuvusha viazi mpaka wa Tunduma kwenda Zambia bila kibali. Ukitaka kuziona, panda Kitulo kati ya Desemba na Aprili.

Kuhusu ndoo yako, fukua taratibu kwa kidole. Kiazi kikiwa kigumu, kitoe kwenye samadi, kiweke kwenye udongo mwepesi usiotuamisha maji, na mvua zikiisha usimwagilie kabisa hadi Novemba. Kikiwa laini na kinanuka, basi hiyo ndoo panda pilipili, samadi zinaipenda.